Chupa Niliyoitundika Juu ya Jenereta

Jumatatu, Chake Chake, baada ya alasiri.

Manyunyu tangu asubuhi, na nguo nilizozianika jana bado mbichi. Skuli sikwenda. Nimemwambia mwalimu mkuu kwamba naumwa na kichwa, na kichwa kweli kinauma, ila si hicho kilichoniweka ndani.

Wanaoifungua blogu hii huja kucheka. Nimezoea kuandika vituko vya darasani, chai ya ofisini isiyojua sukari, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanaoamini kwamba umeme hukaa ndani ya waya kama maji ndani ya mpira. Leo hakuna kicheko. Anayekitaka aje wiki nyingine, au asije kabisa, nitamwelewa.

Bi Mize amefariki. Tumemzika Ijumaa, na jana ilikuwa hitma yake.

Na mimi nina mkono katika kifo chake.

Acha niandike kwa mpango, kwa sababu kichwani mambo haya hayana mpango wowote.

Ami yangu Faki, mdogo wake marehemu baba, ana shamba la karafuu ndani huko, mbele ya Konde. Kila msimu hupigwa kambi pale: vibanda vya makuti, mafiga ya kupikia, majamvi ya kuanikia, na watu ishirini na kitu kutoka Shumba na vijiji vya jirani wanaolala huko huko mpaka mikarafuu iishe. Mchana watu huchuma. Baada ya magharibi hukaa duara wakachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, huku. Sisi tulikua tukichambulia kandili. Mwaka huu nikapeleka jenereta yangu, ndogo ya kubeba kwa mkono, ambayo nilikuwa nikiitumia kwa masomo ya ziada umeme unapokatika. Tukapata taa nne, na simu za kambi nzima zikapata chaji. Ami Faki akawa anatembea kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyeuvumbua umeme.

Bi Mize alikuwa kiongozi wa duara lile. Mjane wa Shumba, shoga yake marehemu mama tangu usichana wao. Ndiye aliyenifundisha kuchambua nikiwa sijaanza skuli: unaweka kishada kiganjani, unakipindua kwa kiganja cha pili, karafuu zinapukutika, konyo linabaki. Mimi zangu zilikuwa hazipukutiki, zinavunjika vichwa. Alikuwa akinipiga kikofi na kunambia mikono yangu imeumbwa kwa kalamu. Mwaka huu, nina mvi mbili tatu kidevuni, bado aliniambia vile vile, na duara zima likacheka.

Wiki ya pili ya kambi zikaja habari kwamba kambi ya bondeni imeibiwa jenereta. Wenyewe walikuwa wamelala hatua kumi kutoka ilipokuwa. Msimu wa karafuu huleta kila namna ya watu, na wengine hawaji kuchuma.

Tangu siku ile sikuwa na raha. Nilinunua mnyororo na kufuli, nikaifunga jenereta kwenye shina la mkarafuu. Nikachora jina langu ubavuni mwake kwa msumari wa moto. Nikawa naivua plagi yake ya cheche kila ikizimwa na kuitia mfukoni, hata siku moja nikasimama mbele ya darasa nikaitoa nikidhani ni chaki. Lakini mnyororo hukatwa, jina hupakwa rangi, na plagi madukani zimejaa. Halafu siku tano za wiki mimi niko Chake, na plagi lazima nimwachie Ami Faki ili watu wapate taa. Nikilala naiota. Mke wangu akaniuliza kama nimeoa jenereta.

Ndipo lilipokuja wazo ambalo siku ile niliona ni la akili.

Kwetu mwenye shamba akichoka na wezi hutundika kago: chupa, kitambaa chekundu, maandishi ndani. Atakayeigusa mali ile kwa nia ya wizi, mkono humfa, au ulimi humwia mzito, mpaka mwenye mali aje mwenyewe ategue. Wapo wanaojua kuyafanya mambo hayo, na watu huwaheshimu na kuwaogopa kwa pamoja. Mimi simo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kila mwaka natumia kipindi kizima kuwaeleza watoto kwamba radi haitumwi na mtu.

Nikachukua chupa ya marashi iliyokwisha, nikatia maji ya kisima na wino mwekundu ninaosahihishia. Nikakunja ukurasa wa mwisho wa mtihani wa kidato cha pili nikautumbukiza. Jumamosi adhuhuri, watu wameshuka mitini kuja kula, nikavua viatu, nikaizunguka jenereta mara saba huku midomo ikicheza. Nilichokuwa nikikisoma ni kanuni ya Ohm. Kisha nikaitundika chupa tawini kwa kitambaa chekundu, nikawageukia, nikasema: "Nishafunga. Asiye mwenyewe asiguse."

Hakuna aliyecheka. Mimi ndani kwa ndani nilikuwa nakufa kwa kicheko.

Ami Faki alinipiga begani. "Sasa ushakuwa mtu. Nlidhani skuli ishakuharibu."

Bi Mize alikuwa na sahani ya muhogo mkononi. "Selemani, hayo kakufundisha nani?"

Nilimjibu kwamba nimepewa na mtu mmoja wa Chake, mtu wa kuaminika. Kwa wengine nilicheza tu. Kwake yeye nilisema uongo kwa mdomo, nikimtazama machoni.

Na jenereta ikawa salama kweli. Watu wakawa wanaipita mbali. Nilimruhusu Ami Faki peke yake kuiwasha na kuizima, na hata yeye alikuwa hatii mkono bila kupiga bismillahi mara tatu. Nikarudi Chake nikalala usingizi mnono. Niliona nimegundua kufuli isiyouzwa dukani.

Siku tisa zilizopita, Jumamosi, mimi nilikuwa nyumbani nasahihisha. Haya yaliyotokea kambini nimeyapata baadaye kwa Ami Faki na kwa Raya, binti yake Bi Mize.

Ilikuja mvua ya ghafla karafuu zikiwa zimeanikwa. Anayeijua kazi ile anajua kinachotokea: kila mtu, mpishi, mchumaji, mgonjwa, hukimbilia majamvi, kwani karafuu ikiroa imeharibika. Turubai zote zikaenda kwenye karafuu. Ami Faki alikuwa Konde. Jenereta ikabaki chini ya mkarafuu wake, wazi, mvua ikiipiga, na watu wanaiona na hakuna anayethubutu kuisogelea.

Bi Mize akaliacha jamvi la karafuu. Akaingia kibandani, akatoka na jamvi lake la kulalia, akaifunika jenereta, akalishikilia kwa mikono miwili ili upepo usilichukue. Watu wakampigia kelele aachie. Akawajibu pale pale mvuani: "Miye si mwizi. Chombo cha mwana wangu hichi, n'kiache kirowe?"

Alisimama hivyo mpaka mvua ikapungua.

Magharibi, kwenye duara, karafuu zikawa zinamponyoka. Mkono wa kulia haukushika. Mdomo ukaelemea upande mmoja, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Watu walimtazama, kisha wakaitazama chupa. Wakamuachia nafasi pande zote mbili.

Jumapili asubuhi Ami Faki akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Mwalimu, kitu chako kinafanya kazi! Kishakamata mtu!"

Nitaandika hapa jambo ambalo mke wangu hajalisikia. Nilifurahi. Muda wa pumzi moja, kabla sijauliza ni nani, nilifurahi kwamba jenereta yangu ina ulinzi.

Akanitajia jina, akanieleza mkono, mdomo, ulimi. Akasema watu wanashangaa, mtu mzima kama yule, kumbe alikuwa na tamaa. Wanasema la mvua lilikuwa kisingizio tu.

Nilijua ni nini. Ukutani mwa chumba chetu cha walimu kuna bango lenye dalili za kiharusi, nalitazama kila siku nikinywa chai. Nilimwambia ampeleke hospitali.

"Sipitali ya nini nawe ndo mwenye ufunguo? Watamdunga masindano bure. Njoo utegue."

Hapo palikuwa pahali pangu pa kusema. Maneno manne yangetosha: Ami, ule ni wino.

Sikuyasema. Niliona haya, ni kweli, mwalimu mzima kuzunguka mti miguu mitupu. Lakini haya siyo iliyonifunga mdomo. Nilichokiwaza ni jenereta. Nikisema, ikifika jioni kambi zote za Konde zitakuwa zimejua, na mashine yangu itabaki na mnyororo wake. Nikajiambia kwamba Bi Mize amechoka tu, mkono utarudi. Bango lile nililolisoma mara mia nikajifanya silijui. Nikasema, "Nitakuja Alhamisi, mitihani ikimalizika."

Kutoka Chake hadi Konde si safari ya kufunga mizigo. Ningetoka saa ile ile, adhuhuri ningesali huko.

Mimi nilisema nitakuja. Wao walielewa kwamba nitakuja kutegua, na kwamba mpaka nifike hakuna la kufanya. Basi wakaningoja.

Raya aliitwa aje amchukue mama yake, akampeleka nyumbani Shumba. Jumapili, Jumatatu, Jumanne wakaningoja mimi. Jumatano alfajiri Bi Mize alianguka akitia udhu, na hapo ndipo walipotafuta gari ya kumleta Chake. Nilipata habari nikiwa katika chumba cha mtihani, nimesimama nyuma ya watoto nikihakikisha kwamba hakuna anayeiba majibu.

Nilipofika hospitali daktari alikuwa anamuuliza Raya dalili zimeanza lini. Raya akasema Jumamosi. Daktari akauliza mbona hamkuja Jumamosi. Raya akatazama chini. Nami nikatazama chini. Daktari akasema ni presha, kwamba ile ya Jumamosi ilikuwa ndogo, ya kuonya, na kwamba aghalabu mtu akiwahishwa ile ndogo hutibika. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaandika huku anasema.

Alhamisi mchana nilibaki naye peke yangu kidogo, Raya alipokwenda kusali. Alinitambua. Alinyanyua mkono mmoja ulio hai akanishika kidole, akasema, kwa tabu, neno moja moja: "Selemani. Nisamehe. Nliikamata."

Nikamwambia. Nilimwinamia sikioni nikamwambia yote, wino, mtihani, kwamba hapakuwa na mtu wa Chake, kwamba hakuna chochote kilichomkamata, kwamba mimi ndiye wa kuomba msamaha. Nililia mpaka shuka ikaroa. Yeye akanisikiliza akinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto anayesema uongo wa kumfurahisha mkubwa. Akanipapasa kichwa.

"Weye mwema," akasema.

Hakuniamini. Aliniona namliwaza. Ijumaa kabla ya jua kutoka akaondoka duniani akiwa anajua kwamba ameadhibiwa kwa kuifunika jenereta yangu isiroe.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tulimzika Shumba baada ya sala ya Ijumaa. Na huko makaburini nikafanya jambo ambalo sijui nitalilipaje. Kwa desturi yetu, udongo ukishawekwa, husemwa kwamba mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze au amsamehe. Hakuna aliyejitokeza. Bi Mize hakuwa mtu wa kudaiwa. Ila macho yote yakageuka yakanitazama mimi, na Ami Faki akanisogelea, akaniambia kwa upole, lakini kila mtu alisikia: "Mwalimu, sema umemsamehe, mama wa watu alale."

Watu walikuwa wengi. Nikasema, "Nimemsamehe."

Wakaitikia wote, "Allah amsamehe."

Kwa neno langu lile, mbele ya wanawe na mji mzima, nimemfanya mwizi. Kabla yake ilikuwa ni minong'ono ya kambini.

Jana asubuhi, kabla ya hitma, nilipitia kambini. Nikaiteremsha chupa, nikaumwaga wino wake mbele ya wachumaji, nikaikunjua karatasi wasome wenyewe. Walirudi nyuma. Hakuna aliyetaka kuisoma, na mpishi aliniomba nisimwage karibu na mafiga yake.

Hitma ilikuwa alasiri. Baada ya dua, kabla masinia hayajatoka, nikaomba ruhusa nizungumze. Nikasimama nikasema yote tangu chupa mpaka simu ya Ami Faki, bila ya kujibakizia. Nikasema Bi Mize hakuiba, hakukusudia kuiba, alikuwa anaifunika mali yangu na mvua. Nikasema neno nililolisema makaburini nalirudisha, sina cha kumsamehe.

Shehe akatikisa kichwa taratibu. "Allah akulipe kheri, mwalimu. Kumsitiri maiti ni ibada kubwa."

Nikasema, "Shehe, simsitiri. Ndivyo ilivyokuwa."

Wazee wakatazamana, wakatabasamu kwa huzuni. Mmoja akasema labda mimi mwenyewe sijui nilichokifanya. "Vitu hivi, mwanangu, huviita kwa mchezo, vyenyewe vikaja kweli." Ami Faki akanivuta mkono wa kanzu. "Bas, Selemani. Washakusikia." Yakaletwa masinia, na yule aliyekaa karibu yangu akanisogezea nyama iliyo nzuri.

Nilikwenda kujishitaki, nikasifiwa.

Jenereta ipo kambini, haina hata mkwaruzo. Mnyororo umetolewa, kufuli imetolewa, chupa imetolewa, na Ami Faki anasema hakuna mwizi Pemba nzima atakayeigusa tena mpaka ioze. Anasema kwa kunipoza. Nimemwambia aiuze, ampe Raya atakachopata. Raya amekataa.

Yeye ndiye niliyemwacha mwisho, hapa na huko.

Nilimwomba mumewe nizungumze naye kabla sijaondoka. Nilimkuta uani anaosha masinia pamoja na wanawake wengine, wao wakasogea kidogo. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wanaume. Nilipomaliza akaniuliza, "Wino?"

"Wino, Raya."

Akaniamini. Niliona usoni mwake kwamba ananiamini, na hapo nikatamani awe kama wale wazee.

Akakaa juu ya kigoda, mikono ina povu. Akasema siku tatu zile mama yake alikuwa akihangaika kumwambia jambo kwa ule mdomo wake mbovu. Mvua. Jamvi. Mvua. Alikuwa akirudia hayo. "Nkamwambia nyamaza, mama, usizidishe uongo, utazidi kuumia. Akanyamaza. Nlikuwa nkimlisha uji nkitizama ukutani, nna haya naye."

Hakunilaani. Laiti angenilaani. Alisema tu, "Haya, mwalimu, nenda," akavuta sinia jengine akaendelea kuosha.

Nilimwendea ili nimrudishie jina la mama yake, na nimemrudishia. Sasa anajua kwamba mama yake alikuwa akisema kweli siku zote tatu, na kwamba yeye alimnyamazisha.

Kesho narudi kambini. Nitawaambia wachumaji mmoja mmoja, na keshokutwa nitawaambia tena, wakitaka waamini wakitaka wasiamini. Kwao bado nina la kusema. Kwa Raya sina.